Nyuzi za Chuma kwenye Gitaa la Nesi

Kabla Nesi hajaletwa kijijini kwetu Masakta, sikujua kwamba gitaa linaweza kupigwa na mtu mmoja tu, amekaa, amefunga mdomo, na wimbo usipungukiwe kitu. Magitaa niliyoyajua ni ya kwaya, yale yanayounganishwa na spika kubwa, mpigaji anarukaruka mpaka anatoka jasho. Nesi alikuwa harukiruki. Aliweka mguu wa kushoto juu ya tofali, akalaza gitaa kwenye paja, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa, halafu vidole vikaanza kutembea kila kimoja na njia yake. Kidole gumba kilikwenda polepole kama mzee anayeelekea mnadani, na vile vingine vikawa vinakimbia kumzunguka kama wajukuu.

Mara ya kwanza nilisikia tu, sikuona. Nyumba ya watumishi wa zahanati aliyopewa ilipakana na ua wetu, na mimi nilikuwa napepeta maharage. Nikaacha ungo.

Mama akaniuliza, "Vipi, umeona nyoka?"

"Hapana mama. Nasikia redio."

"Redio gani isiyo na mtangazaji?"

Sasa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kazi za nyumbani zikiisha nafungua madaftari yangu ya zamani. Mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema. Darasani nilikuwa najua jibu na mkono haupandi. Nikitumwa dukani nikakuta watu watatu, nasubiri waondoke. Hii aibu imenigharimu mambo mengi, lakini haijawahi kuwagharimu wengine isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo nataka kuiandika vizuri, maana kwenye daftari la mwaka ule niliiandika nusu nikafuta.

Nesi alikuwa mtu wa kusini. Maisha yake ya gitaa aliniambia kidogo kidogo, kila siku kipande. Alikulia karibu na nyumba ya masista, na sista mmoja mzee, mgeni kutoka ng'ambo, alimchagua yeye kati ya watoto wote waliokuwa wanakuja kuokota mapera, kwa sababu alikuwa na vidole virefu na hakuwa na maneno mengi. Akamfundisha miaka tisa. Nyimbo zilikuwa zimeandikwa kwa noti kwenye karatasi, na hakuruhusiwa kuongeza hata sauti moja ya kwake. Baadaye akaenda Arusha, akaajiriwa kupiga hotelini jioni watalii wakila. Alikaa huko miaka sita. Alipokuwa anasema "enzi nikiwa msanii" alikuwa anacheka.

Nikamuuliza walikuwa wanamsikiliza kweli.

"Walikuwa wanatafuna," alisema. "Lakini kila baada ya siku kadhaa unamwona mmoja ameshika uma hewani, chakula kimepoa. Huyo mmoja unampigia usiku mzima."

Hoteli ikapunguza watu, baba yake akaugua, nyumbani wakasema muziki si kazi. Akaenda chuo cha uuguzi, akapata ajira, akapangiwa wilaya ya Hanang. Kitu cha kwanza alichofanya siku ya kuripoti, aliniambia, ni kukata kucha.

Mimi sikuelewa hilo linahusiana vipi. Akanionyesha. Kwa gitaa la aina ile, lenye nyuzi za nailoni, kucha za mkono wa kulia ndizo kazi yenyewe. Zinatakiwa zitokeze kidogo kupita nyama ya kidole, zisuguliwe mpaka ziwe laini kama kioo. Bila kucha sauti inatoka, lakini inatoka imevaa soksi. Na nesi anayezalisha akina mama hawezi kufuga kucha. Kwa hiyo miaka minne pale Masakta alikuwa anapiga bila kucha, jioni, yeye na ukuta. Na mimi upande wa pili wa ukuta.

Basi, nikiwa kidato cha tatu, mwezi wa tano, akapigiwa simu kutoka Arusha. Mtu aliyefanya naye kazi zamani alimwambia kuna shule inayofundisha muziki inatafuta mwalimu wa gitaa. Waombaji watapiga nyimbo tatu mbele ya watu watatu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita. Nesi akaomba likizo yake ya mwaka, siku ishirini na nane, ziishie hapo hapo. Watu wakadhani anakwenda kwao. Hakwenda popote. Alikaa ndani anafuga kucha.

Nacheka nikikumbuka, lakini ilikuwa kazi ngumu. Hapa kwetu mwanamke hawezi kukaa wiki moja bila kufua, kupukuchua mahindi, kusugua sufuria kwa majivu, kushika jembe. Kila kazi inakula kucha. Na mimi nilikuwa likizo, kwa hiyo nikawa mikono yake. Mama mwenyewe ndiye aliyenituma, alisema, "Nenda ukamsaidie Nesi, naona ameumia mkono." Nilimfulia, nilimchotea maji, nilimmenyea viazi. Yeye kazi yake ilikuwa kupiga zile nyimbo tatu, tangu asubuhi ukungu ukiwa bado umefunika Mlima Hanang mpaka jua likatoka na upepo ukaanza. Akikosea anarudia mstari ule ule mara ishirini. Mdogo wangu nyumbani akawa anaimba ule mstari akichunga ndama, pamoja na kosa lake.

Bombani akina mama walimtania.

"Nesi, siku hizi hushiki ndoo? Umekuwa bibi harusi?"

"Ndiyo, nimeposwa."

"Na nani huyo?"

"Ana shingo ndefu, tumbo kubwa, ndani hamna kitu."

"Ah, basi huyo ni mume wangu! Nirudishie!"

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Lakini habari ya Arusha ilipovuja, hawakuipenda. Zahanati ilikuwa na manesi wawili tu, na Nesi ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Baba yangu alisema mezani kwamba hilo gitaa likimchukua Nesi, sisi tutabaki kuzalishwa na nani. Mimi niliandika kwenye daftari, na ninanakili kama lilivyo: "Namwombea apate. Namwombea asipate." Nilikuwa nimeanza kufundishwa. Baada ya kazi alikuwa ananiachia gitaa nusu saa, na mimi ninayeogopa hata kununua chumvi mbele ya watu nilikuwa siogopi kukosea mbele yake.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho, uzi wa nne ukakatika. Nesi hakushtuka sana. Alikuwa ameshaagiza nyuzi mpya Arusha, zitumwe kwa basi, kifurushi kipokelewe mjini Katesh. Akasema, "Kesho wewe nenda ukanichukulie. Mimi nibaki nifanye mazoezi na hizi tano."

Nikaenda Jumatano na gari la asubuhi. Ofisi ya lile basi ilikuwa chumba kidogo kando ya barabara ya kwenda Singida, kimejaa magunia, vifaranga kwenye maboksi, na watu wanapiga kelele. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Hatimaye kijana wa kwenye meza akaniona.

"Wewe dada, una shida gani?"

"Kifurushi," nikasema.

"Cha nani?"

Nikataja jina la Nesi kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akageuza macho juu ya magunia bila kusimama. "Hakuna. Anayefuata!"

Ningesema tena. Ningesema, kaka, naomba uangalie vizuri, ni kidogo kama bahasha. Mtu mwingine yeyote angesema. Mimi nilisema asante, nikatoka.

Nikazunguka sokoni, nusura nilie. Hapo nikaona duka la redio na sola, na kwenye kioo nyuzi za gitaa ndani ya bahasha zinazong'aa. Ndugu zetu wa kwaya wote wananunua pale. Muuza duka hakuniuliza neno, na hilo lilinifurahisha. Nilikuwa na hela yangu niliyokuwa natunza, nikalipa. Zilikuwa za chuma. Niliona ni za chuma. Nikasema moyoni, uzi ni uzi, na za chuma si ndiyo hazikatiki? Ningekuwa nimemsaidia mara mbili.

Niliporudi Nesi hakuwepo. Mwenzake wa zahanati alikuwa amekuja kumwomba msaada, mama mmoja uchungu ulikuwa umemzidia. Likizo au si likizo, alikwenda. Nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, nao ni kucha zake. Nikakaa kwenye kiti chake, nikatoa nyuzi za zamani, nikafunga zile za chuma zote sita, nikizikaza mpaka zikalingana na sauti nilizozijua kwa masikio. Zilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Vidole viliniuma. Nilipopiga uzi mmoja ukatoa mlio mkali kama kengele ya baiskeli, nikafikiri, mh, watamsikia mpaka Katesh. Nikaliegemeza gitaa ukutani, nikaenda jikoni kuinjika maharage.

Sauti niliyoisikia haikuwa ya muziki. Ilikuwa kama mtu amevunja mguu wa kiti.

Chini ya tundu la gitaa kuna kibao kidogo kilichobandikwa kwa gundi, nyuzi zote zinaanzia hapo. Nesi alikiita daraja. Kilikuwa kimeng'oka chote na ngozi nyembamba ya mbao, kinaning'inia kwenye nyuzi. Gitaa lile lilitengenezwa kwa nailoni, ambayo inavuta kidogo. Chuma kinavuta kama ng'ombe wawili. Hayo niliambiwa baadaye.

Sikukimbia. Nilikaa sakafuni karibu nalo. Nesi alirudi jua likiwa bado juu, anatabasamu, ananyoosha mkono wa kulia mbele.

"Angalia, zote zipo! Mimi nilisimama kichwani kwa mama, nikamshika mkono tu, mwenzangu ndiye aliyepokea mtoto. Wa kike. Kifurushi kimekuja?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Alilisogelea gitaa. Akapiga magoti, akashika lile daraja kama anavyoshika kitovu cha mtoto, akauliza bila kugeuka, "Nani amekuuzia hizi?"

"Dukani."

"Na kifurushi changu?"

"Walisema hakuna."

"Uliwauliza mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema. Akafumba macho. Nilitaka anipige. Mama angenipiga, yangeisha. Yeye alisema tu, "Maharage yanaungua," na kweli yalikuwa yanaungua.

Alhamisi alfajiri alinichukua tukaenda wote Katesh. Aliingia ile ofisi, akasalimia, akataja jina lake, na yule kijana akainua gunia moja la vitunguu, akatoa bahasha. Haikuchukua hata dakika moja. "Kumbe ni wewe Nesi?" alisema. "Jana alikuja mdada mmoja akanong'ona, nikadhani anasali." Nesi hakucheka wala hakuniangalia, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko vyote.

Fundi seremala tuliyempata alikuwa mtu wa vitanda na majeneza. Aligeuza gitaa huku na huku.

"Hii kazi ndogo," alisema. "Ila mimi nimezoea kutengeneza vitu ambavyo mwenyewe akishalala ndani halalamiki. Hiki kitalalamika?"

"Kikilalamika utanisikia redioni," Nesi alimjibu.

Alikwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akalifunga gitaa lote kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akaweka jiwe juu. Akasema lisiguswe siku nne. Nesi akamwambia kesho nasafiri. Fundi akatazama jiwe, akatazama Nesi. "Basi mwombe Mungu, gundi haina haraka."

Habari ilishafika kijijini kabla yetu. Mama alikuwa mkweli: "Pole yake, lakini mimi sikusikitika sana." Na jirani mmoja akaniita kando, akaniminya mkono, akasema nimefanya jambo la akili. Akadhani nilikusudia! Usiku huo nililala na lile neno. Nilijiuliza kama kuna sehemu yangu iliyojua. Chuma niliona ni chuma. Mpaka leo nikijiuliza napata jibu la hapana, lakini sipati haraka kama ninavyotaka.

Ijumaa mchana alifunga nyuzi za nailoni bila kuzikaza, akalivisha gitaa blanketi, akapanda gari. Alirudi Jumapili. Nilikuwa nimekaa kizingitini kwake tangu nilipotoka kanisani.

"Shikamoo Nesi."

"Marahaba mwanangu."

"Gitaa?"

"Gitaa lilivumilia vizuri sana," alisema. "Vidole ndivyo vilivyokataa. Vimezoea sindano. Wamechukua kijana mmoja." Akaingia ndani, akatafuta mkasi, na kabla hata ya kuvua viatu akakata kucha za mkono wa kulia, moja moja, akazifagia kwa kiganja. Jumatatu akaripoti kazini.

Wiki ile ile aliniita tuendelee na masomo. Nilipolaza gitaa kwenye paja nikaona kitu ambacho hakikuwepo Ijumaa. Kwenye daraja kulikuwa na skrubu mbili ndogo, moja kila upande, na kulizunguka gundi ya kahawia. Fundi wetu hakuweka skrubu, na gundi yake ilikuwa nyeupe. Maana yake daraja liling'oka tena huko Arusha, na fundi mwingine akalirudisha. Maana yake mimi ndiye niliyemkosesha, na yeye ameamua nisijue.

Sikusema kitu. Na ule mwaka uliofuata ndio mwaka wangu mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Naandika hivyo ingawa naona aibu. Zahanati ikifungwa alikuja na harufu ya spiriti, akanawa, akaweka mahindi ya kuchoma kwenye jiko, nami niko kwenye kiti na mguu juu ya tofali. Alikuwa ananihesabia kwa kijiko kwenye kikombe. Upepo wa Hanang ukipiga bati alikuwa anasema tusiusubiri, tupige nao. Akikasirika alikuwa anaongea lugha ya kwao, akifurahi anasema "Tena," neno hilo tu. Wakati mwingine akina mama waliokuja kuchukua dawa walikaa barazani kidogo, watoto mgongoni, wanasikiliza. Mmoja alimwambia, "Nesi, huu wimbo hauna maneno lakini naona unanisema mimi." Nilijifunza wimbo mmoja wote na nusu ya mwingine. Mwenyewe nilikuwa nalishika lile gitaa kama mtoto wa siku moja.

Mwezi wa saba mwaka uliopita uhamisho wake ukatoka, kwenda kwao kusini kumtunza mama yake. Siku ya kufungasha watu walileta mahindi, mbaazi, kuku wawili waliofungwa miguu. Mimi nilipewa kazi ya gitaa. Nilikuwa nimelishika, blanketi liko chini, na maneno yakatoka kabla sijayapanga.

"Nesi, hizi skrubu niliziona. Wiki ile ile uliporudi."

Alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti. Hakuacha. "Najua. Tangu siku ile ulianza kulipiga kama linaumwa. Nimekuambia mara ngapi, kaza mkono?"

"Ni mimi niliyekukosesha."

"Sikiliza." Akakaa juu ya boksi. "Kwenye wimbo wa pili, daraja likafumuka. Pwa! Mbele ya watu watatu wenye miwani. Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini wakaniletea gitaa lao, zuri kuliko hili mara kumi. Wakasema anza upya. Nikapiga zote tatu kwa gitaa lao, zimenyooka. Na bado wakamchukua yule kijana. Kwa hiyo nilichokuambia ni kweli, sema nilikata kipande."

Nilimwangalia usoni nione kama hapa nako amekata kipande. Uso wa nesi hauonyeshi. Amewaambia watu wangapi kwamba haitauma. Nimejaribu kuamini, na siku nyingi naamini.

"Ulikuwa na hasira na mimi?" nikamuuliza.

"Ile Alhamisi? Nilitaka nikuache Katesh." Akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia. Aliniacha nilie, akamaliza kufunga sahani.

Nje dereva akapiga honi, akina mama wakaanza kupandisha magunia wakigombana kuku wakae wapi. Nesi akanikumbusha nilegeze nyuzi, maana barabara ni mbaya na safari ni ya siku mbili. Nikazungusha vishikizo vya kukazia nyuzi kimoja kimoja, sauti zikishuka, zikishuka, mpaka nyuzi zikalala. Yeye akishikilia pembe ya blanketi akasema, "Uzi wa sita bado. Usiogope, zungusha tena."